Fundi Aliyejua Ninapokaa

Alisimama miguuni pa kitanda changu cha hospitali, kofia mkononi, mbele ya mchungaji, mbele ya akina mama wa kikundi chetu, mbele ya shemeji yangu, akasema kwa upole kabisa, na ile "waitu" yake ya heshima ya Kihaya:

"Mama mwenyewe ndiye alitaka soketi ziwe chini. Mnawajua mama zetu wanavyopikia sakafuni. Nilimwonya, waitu. Hakusikia."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ulimi ulikuwa mzito kwa dawa. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Akina mama wakanitazama kwa ile huruma anayopewa mtu aliyejiponza mwenyewe. Mmoja akanishika mguu juu ya blanketi akasema, kwa neno letu la kuhurumiana, "Bojo, umeme si wa kubishana na wataalamu." Shemeji yangu alikuwa anatazama dirishani.

Nimezika mume. Nimezika mtoto mmoja. Lakini kulala chali mbele ya watu na uongo ukatandikwa juu yangu kama shuka, hilo lilikuwa jipya. Umeme ulinichoma mkono tu.

Mtu huyu nimemjua miaka ishirini na zaidi. Hapa Nshambya, Bukoba, wote wanamwita Fundi, hata mke wake, hata mchungaji. Mafundi tunao wengi, wa cherehani, wa pikipiki, wa kujenga, na wote wana majina yao. Ukisema Fundi tu, watu wanajua unamsema yule mwembamba wa umeme, mzee wa kanisa, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali, testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, imechomekwa mfukoni pamoja na kalamu. Testa ile haikutoka mfukoni hata Jumapili. Siku moja wakati wa kukusanya sadaka aliinama, ikadondoka ndani ya kikapu cha sadaka. Aliona aibu kuichukua. Alisubiri mpaka ibada iishe ndiyo akamwomba mhasibu amrudishie, na watu walicheka wiki nzima.

Viatu alivua mlangoni mwa jiko. Mlangoni mwa sebule aliingia navyo, lakini jikoni aliingia na soksi. Ukimuuliza anasema, "Huku ndiko mnakoweka chakula chini. Sebuleni mnaweka miguu tu." Chaki alibeba kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Vilikuwa vipande vidogo vidogo alivyoomba shule ya msingi, vile ambavyo mwalimu ameshindwa kuvishika tena.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyotufanya tumpende, na lazima niiseme vizuri, msipoijua hamtaelewa alichonifanyia.

Mafundi wengine wakija kuweka umeme jikoni wanauliza soketi ngapi. Wanatazama ukuta, wanachora, wanatoboa. Yeye haulizi idadi. Yeye anakuambia, "Pika."

Nilipoamua kuliacha jiko la nje, lile la miti lililokuwa linavuja, na kugeuza stoo ya ndani kuwa jiko, alinikuta nimesimama katikati ya chumba kitupu chenye vumbi la saruji.

"Pika, mama."

"Nipike nini, Fundi? Hata kijiti cha moto hakuna humu."

"Pika hivyo hivyo. Leo una wageni, wanataka ebitoke na maharage. Anza."

Nikaona haya, nikacheka. Jirani yangu Ma Kemilembe alikuwa dirishani, akapiga kelele, "Mpikie, bojo! Leo Fundi anakula hewa!" Basi nikakaa sakafuni kama ninavyokaa siku zote, miguu nimenyoosha mbele, nikaanza kumenya ndizi ambazo hazipo.

Kwetu ndizi humenyi umesimama. Najua siku hizi wapo wanaomenyea juu ya meza, lakini mimi nilifundishwa na mama yangu Muleba, juu ya majani ya mgomba, mkungu ubavuni, beseni la maji mbele. Ukinikalisha pale namaliza mkungu kabla mwingine hajapata kisu. Ndiyo kazi yangu. Harusi za Nshambya, harusi za Miembeni, misiba, kipaimara, hata kwetu Muleba wakiwa na shughuli kubwa wanatuma mtu aniite. Shule niliishia darasa la nne. Mkono huu ndio ulionifikisha nilipofika.

Fundi akawa ananizunguka na chaki yake.

"Kisu?"

"Mkononi."

"Maganda unatupa wapi?"

"Kushoto."

"Maji?"

"Mbele. Yanarukaruka, siyo mbele tu."

"Wakati unamenya, mkono wako unakwenda wapi bila wewe kuutuma?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza maishani, si mama yangu, si marehemu mume wangu. Nikawaza. Nikamwambia mkono wa kulia huwa nauegemeza ukutani ninapojigeuza kuchukua ndizi nyingine.

Akaniambia niinuke. Akakaa yeye mahali pangu, palepale, mzee mzima wa kanisa na suruali yake ya pasi, akanyoosha miguu. Akatuma mkono ukutani ukapanda mpaka ukagota. Akachora mstari. Juu ya mstari ule akaongeza viganja viwili, akachora alama nyingine ya msalaba mdogo.

"Soketi zako zitakaa hapa. Ukiwa umekaa, mkono wenye maji haufiki. Ukitaka kuchomeka kitu itabidi usimame. Na mwanamke akisimama hujipangusa mikono kwenye kanga kabla hajajua anafanya nini. Wewe hujipangusi?"

Nilijitazama. Nilikuwa nimeshajipangusa.

Ndiyo maana nasema alijua. Alikaa pale kwa makalio yake mwenyewe.

Maneno yake yalikuwa mengi na tuliyabeba kama mistari ya katekisimu. "Umeme hauna shemeji." Alikuwa anasema hivyo akimaanisha haumpendelei mtu. Kuhusu ethi, ile fimbo ndefu ya shaba inayopigiliwa ardhini nje ya nyumba, alitueleza akina mama kwenye kikundi kwamba umeme ukipotea njia ndani ya chombo, fimbo ile ndiyo inauonyesha njia ya kwenda ardhini. Kama fimbo haipo, akasema, utatafuta njia nyingine, "na njia nyingine ni wewe."

Alipenda kusimulia habari ya mfanyabiashara wa Miembeni aliyetaka soketi bafuni karibu na bomba, akamwambia hapana, yule akaongeza sauti, Fundi akakunja waya zake akaondoka na kuacha ngazi yake pale. Nimesikia habari hiyo mara kumi. Sasa najiuliza kama kweli ilitokea. Shahidi wake ni yeye mwenyewe.

Maana kulikuwa na mambo tuliyoyaona tukacheka tu, tungekuwa na akili tusingecheka. Nyumbani kwake waya zilining'inia uchi. Msimu wa senene ukifika, yeye aliyetukataza sote kuchezea nyaya, anatundika taa kubwa ya kuwanasa juu ya paa na waya umeungwaungwa kwa mfuko wa nailoni. Mke wake alipikia mafiga matatu nje. Nilipomuuliza kwa nini, akacheka: "Huyu amewasha nyumba za watu wote. Mimi ananiwashia kibatari."

Ngurumo zikianza alijifungia chumbani akanyamaza kama kuku. Aliwahi kwenda kisiwa cha Goziba kumfungia mtu sola kwenye duka la kambi ya wavuvi. Alirudi rangi imemtoka. Wavuvi wanamtania mpaka leo: "Mzee anashika moto haogopi, anaogopa maji!" Alikuwa anakubali mwenyewe kwamba ni mwoga wa maji na wa radi. Woga wa tatu hakuutaja.

Aliogopa wakubwa. Akiongea nami alikuwa anachanganya Kihaya na Kiswahili, anabisha, ananikatalia. "Wewe mama huelewi, hebu nyamaza kidogo." Akifika mtu mwenye gari, Kiswahili chake kinanyooka na mgongo unapinda. Niliona hilo miaka yote. Nililiita adabu.

Sasa namtaja mwingine. Shemeji yangu Mutalemwa, mdogo wa marehemu, anafanya kazi Mwanza. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na neno la ukoo juu ya kibanja ninachoishi, migomba yake na kahawa yake. Simlaumu kwa hilo, ndivyo tulivyo. Aliposikia najenga jiko alisema atanisaidia, akaleta marumaru kubwa nyeupe zenye maua ya bluu, na simu iliyojaa picha za majiko. Majiko yale hayana ndizi hata moja. Hayana hata mtu.

Akaona alama za Fundi ukutani.

"Shemeji, haya ni nini?"

"Soketi, shemeji. Fundi kapima."

"Katikati ya marumaru? Wataikata. Marumaru kama hii ukiikata inakuwa takataka. Wenzenu wanaweka chini, waya hazionekani."

"Mimi nakaa chini."

Akacheka, akanigonga bega. "Sasa utakaa kwenye stuli, shemeji. Umezeeka na maendeleo bado?"

Nikamwachia Fundi jambo hilo. Nilijua atabisha kwa niaba yangu. Yeye si ndiye aliyekunja waya zake Miembeni?

Wiki hiyo hiyo mama yangu mdogo akafariki Muleba. Nikaenda. Kwetu msibani huendi asubuhi ukarudi jioni kama mnada. Unalala pamoja na wafiwa, chini, kwenye nyasi, mpaka watu wa nyumba wakuruhusu. Nilikaa siku nne. Niliporudi, jiko lilikuwa limekwisha. Marumaru zinameta, nzima nzima, hakuna hata moja iliyokatwa. Soketi zilikuwa chini yake, usawa wa goti. Moja ilikuwa pale pale ninapoegemeza mkono.

Shemeji alikuwa amesharudi Mwanza. Fundi alikuwa anafunga vifaa vyake. Nikamuuliza.

"Fundi, hizi zimeshukaje?"

Hakunitazama. Alikuwa anafuta testa yake kwa shati. "Nimepima upya, waitu. Huku chini ndiko salama zaidi. Huko juu mvuke wa sufuria ungeingia."

"Lakini si ulikaa hapa, ukaona mkono unafika?"

"Mama. Nani fundi kati yetu?"

Nikamletea akamwani kwenye kisahani, zile punje za kahawa tunazomtafunisha mgeni, akatafuna mbili, akaaga. Haya ndiyo yananiuma. Kama angeniambia, "Mama, shemeji yako kanilazimisha," ningekasirika, ningelia, lakini ningeweka meza pale, ningehama kona, ningesema kitu. Angenipa nafasi ya kujua. Badala yake alichukua imani yangu ya miaka ishirini akaitumia kunizibia mdomo.

Jiko langu la umeme ni la pleti moja, la bati, na waya wake ni mfupi. Soketi ingekuwa juu, jiko lingekaa mezani. Soketi ikiwa chini, waya haufiki mezani. Basi likakaa sakafuni, ubavuni mwangu, kama mtoto anayesubiri ugali. Nilimenya nalo hivyo zaidi ya mwezi. Mchana mmoja nilikuwa namenya kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Mikono ilikuwa imejaa maji na utomvu. Nikajigeuza kuchukua ndizi, mkono ukaenda wenyewe kama unavyokwenda siku zote, ukashika bati la jiko.

Haukuachia. Mimi nilitaka uachie, wenyewe ukazidi kushika. Sikuweza kupiga kelele. Nakumbuka beseni likitetemeka na ndizi zikigongana ndani ya maji.

Ma Kemilembe alikuwa uani anatwanga. Alipoingia akasema "Mawe!", mama yangu kwa Kihaya, mara moja tu. Alichukua mwiko mkubwa wa mti akanipiga mkono, akanipiga, akanipiga, mpaka ukaachia. Alinivunja kidole kimoja. Nimemshukuru kwa kidole hicho kila siku ya Mungu.

Vidole vitatu vimekunjika na havinyooki. Kisu nakishika kama mtoto anavyoshika kijiko. Mwezi uliopita nilimenya mkungu mmoja kuanzia chai ya asubuhi mpaka mchana, na wale walioniita kwenye shughuli yao wakawa wananiambia kwa adabu nipumzike, wakampa kisu binti yao. Hawajaniita tena.

Nilipotoka hospitali nilimwita fundi mwingine kutoka Miembeni, dada mmoja anayefanya kazi hizo, aje aangalie. Jiko lenyewe lilikuwa na hitilafu ndogo ndani, akasema, ya kawaida kwa majiko haya. Fimbo ya nje ingeuchukua ule umeme. Akaenda nyuma ya nyumba mahali kichwa cha fimbo kinapochungulia. Akaishika kwa vidole viwili. Ikatoka. Aliitoa kama unavyong'oa karoti. Haikuzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, na upande wa chini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, safi, unang'aa.

Dada yule aliniuliza, "Nani alifunga hii?" Nikamwambia. Akaketi juu ya jiwe. "Siyo yeye," akasema. "Yeye ndiye anatufundisha tusifanye hivi."

Nilimpelekea shemeji habari kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji," akasema, "usilete maneno kwenye ukoo. Kibanja unakaa vizuri, au siyo?" Akakata. Mchungaji alinipa chai, akaniambia kusamehe ni kwa faida yangu mwenyewe. Nikamwuliza, mchungaji, nimsamehe Fundi kosa gani, wakati yeye anasema kosa ni langu? Aliniongezea sukari.

Nilikutana na Fundi wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa mazao, ndizi na maharage walivyoleta watu kama sadaka vinanadiwa pale nje. Kwenye matangazo walikuwa wamesema kikundi cha akina mama kinajenga jiko kubwa nyuma ya kanisa na Fundi amejitolea kuweka umeme bila malipo. Watu wakapiga makofi. Nami niliyapiga kwanza, kwa mazoea, mpaka mkono ukanikumbusha.

Nilimkuta nyuma ya matofali ya jiko lenyewe, peke yake, anatazama ukuta. Amekonda zaidi. Aliponiona alishika mfuko wa shati.

Nilimsalimia kwa Kihaya kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake. Akaitikia. Nikamwuliza kwa Kihaya: Fundi, ni nini nilikukosea?

Akatazama chini. Akanijibu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini mpaka nikalazimika kusogea: "Hukunikosea kitu. Shemeji yako alisimama mlangoni akaniambia marumaru haikatwi. Ningemwambia nini mkubwa yule? Na ile fimbo, mwamba ulikataa. Kilima hiki chote ni mawe. Alikuwa na safari, anaangalia saa. Nikakata. Nilisema nitarudi niiweke vizuri. Kila siku nilisema kesho."

"Na hospitali?"

"Shemeji yako alikuwa pale," akasema.

Hasira yangu ilianza kushuka kidogo, nasema ukweli. Nilimwona mzee aliyepinda mgongo. Ningekuwa na kiti ningempa. Kama angekaa hivyo dakika moja zaidi, pengine ningeondoka nikaliacha jambo lilale.

Akina mama watatu wakakata kona, wamebeba mikungu waliyoinunua mnadani. Fundi akanyoosha shingo. Mgongo ukanyooka, sauti ikapanda, na ilikuwa ya Kiswahili kitupu, kile cha kanisani: "Basi mama, pole sana! Tunakuombea! Na siku nyingine tuwe tunasikiliza maonyo, ndiyo tunajifunza hivyo!"

"Amina," wakasema akina mama. Mmoja akanipa pole. Fundi akaenda nao, akimsaidia mmoja kubeba mkungu.

Sasa basi. Jiko lile watakaa wanawake ishirini, sakafuni, miguu wamenyoosha, mikono ina maji. Simkatazi Fundi kazi. Anaijua kuliko mtu yeyote Bukoba hii. Ninachotaka ni kwamba kabla hajaugusa ukuta ule asimame mbele ya hao wanawake, na Mutalemwa apande basi kutoka Mwanza aje asimame pembeni yake, nami nitakuwepo na ile fimbo iliyokatwa.

Fundi, nakuuliza, na usinijibu nyuma ya matofali. Nani alishusha soketi zile? Nani alikata fimbo? Ulipojua sikuomba, kwa nini uliwaambia watu niliomba? Na wewe Mutalemwa, ulisikia hayo yote ukatazama dirishani: ulikuwa unatazama nini?

Jibuni kwa Kiswahili, kwa sauti, wasikie wote.